"Fanya Mazoezi": Lakini Kiasi Gani? Kasi na Pumziko kwa Wenye Kisukari wa Musoma, Bunda na Butiama

Katika daftari la mgonjwa wa kisukari, chini ya majina ya dawa, mara nyingi hukutwa maneno mawili: "Fanya mazoezi." Juu ya maneno hayo dawa zimeandikwa kwa uangalifu: metfomini miligramu 500, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya chakula. Kiasi kimetajwa, nyakati zimetajwa, na tarehe ya kurudi kliniki imetajwa. Mazoezi peke yake ndiyo yaliyoachwa bila kipimo. Mgonjwa anarudi nyumbani kwake Nyasho, au anapanda gari la kwenda Bunda, au anashika njia ya Butiama, akiwa na dawa anazojua namna ya kuzimeza na agizo asilojua namna ya kulitimiza.

Kasoro hiyo ina gharama. Mwaka 2011 watafiti wa Porto Alegre nchini Brazili, wakiongozwa na Daniel Umpierre, walichapisha katika jarida la JAMA uchambuzi wa majaribio 47 yaliyohusisha wagonjwa zaidi ya 8,500 wa kisukari cha aina ya pili. Pale ambapo mazoezi yalipangwa, yaani mgonjwa alipewa aina, muda na idadi ya siku, kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari ya damu kwa takriban miezi mitatu, kilishuka kwa asilimia 0.67 zaidi ya kwa wale wasiopangiwa. Ni kama kutoka 8.5 kufika karibu 7.8, badiliko linalokaribiana na lile ambalo baadhi ya vidonge hulileta. Lakini pale ambapo mgonjwa aliambiwa tu ajishughulishe, bila hata ushauri wa chakula kuandamana na maneno hayo, hakukuonekana nafuu ya kutegemewa. Kwa lugha nyingine, maneno yale mawili ya daftarini, yakiachwa peke yake, hayatibu.

Makala haya yanazungumzia namna moja ya kuyapa mazoezi kipimo. Ni mazoezi ya vipindi: mtu huenda kwa kasi inayomfanya aheme kwa muda mfupi, dakika moja au tatu, kisha hupunguza mwendo mpaka pumzi imrudie, kisha huanza tena. Wakufunzi wa riadha wameyatumia kwa vizazi kadhaa kuwaandaa wakimbiaji. Kilicho kipya ni kwamba sasa yanachunguzwa kama sehemu ya tiba, kwa watu wa miaka 50 na 60 ambao wengi wao hawajavaa raba tangu walipomaliza shule.

Hodi ya insulini na mlango wa uani

Katika kisukari cha aina ya pili, kongosho bado hutoa insulini, angalau katika miaka ya mwanzo. Shida ni kwamba insulini inabisha hodi kwenye seli za misuli na haifunguliwi mlango upesi. Sukari inabaki nje, katika damu, ikizidi kupanda baada ya kila mlo, na kwa miaka inaharibu mishipa midogo ya macho, figo na neva za miguu.

Msuli unaofanya kazi una mlango wa pili, tuuite mlango wa uani. Unapojikunja na kujikunjua, protini zinazoitwa GLUT4, ambazo ndizo wachukuzi wa sukari, husogea kutoka ndani ya seli hadi kwenye utando wake wa nje na kuanza kuingiza sukari, hata kama hodi ya insulini haijasikika. Hilo hutokea katika mazoezi ya kila aina, hata matembezi ya polepole. Kasi inaongeza mambo mawili. Kwanza, huamsha nyuzi za misuli ambazo mwendo wa kawaida huziacha zimelala. Pili, hutumia kwa haraka akiba ya sukari iliyohifadhiwa ndani ya msuli, iitwayo glaikojeni. Akiba ikipungua, msuli hulazimika kuijaza upya kwa kuvuta sukari kutoka kwenye damu, na kazi hiyo huendelea kwa saa nyingi baada ya mtu kukaa chini na kunywa maji yake. Athari yake yaweza kudumu hadi siku moja, mbili, au hata siku tatu, kisha hufifia. Ndiyo sababu miongozo ya tiba inasisitiza kwamba zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi, na ndiyo sababu mazoezi ya mara moja kwa mwezi, hata yakiwa ya kishujaa, hayawezi kuwa dawa ya kisukari.

Ushahidi unatoka mbali, lakini unafahamika. Katika Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton nchini Kanada, Jonathan Little, Martin Gibala na wenzao walichapisha mwaka 2011 jaribio la wagonjwa wanane. Walipiga pedali kwenye baiskeli isiyosogea kwa sekunde 60, mapigo ya moyo yakifika karibu asilimia 90 ya upeo wao, wakapumzika sekunde 60, wakarudia mara 10. Walifanya hivyo siku tatu kwa wiki, kwa wiki mbili tu. Wastani wa sukari yao kwa saa 24 ulishuka kutoka milimoli 7.6 hadi 6.6 kwa lita, na wachukuzi wale wa sukari katika misuli waliongezeka mara kadhaa. Lakini watu wanane ni wachache, wiki mbili ni muda mfupi, na baiskeli ya maabara si kitu cha kutafutwa Butiama.

Kwa hiyo naona jaribio la Copenhagen, Denmark, linatuhusu zaidi. Kristian Karstoft na wenzake waliwagawa wagonjwa 32 katika makundi. Kundi moja lilitembea kwa mwendo mmoja usiobadilika. La pili lilitembea dakika tatu kwa haraka na dakika tatu taratibu, kwa kupokezana. La tatu halikupangiwa chochote. Makundi mawili yaliyotembea yalifanya hivyo saa nzima, siku tano kwa wiki, kwa miezi minne, na yalipangiwa kutumia nguvu sawa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, ni kwamba waliopokezana kasi waliongeza uwezo wa moyo na mapafu kwa asilimia 16 hivi, walipungua uzito kwa zaidi ya kilo nne, na sukari yao ilitulia zaidi. Waliotembea kwa mwendo mmoja hawakupata mabadiliko ya maana katika mambo hayo, ingawa jasho walilotoa halikuwa dogo.

Mtindo huo wa dakika tatu kwa tatu wenyewe ulitoka Japani, katika mji wa Matsumoto, ambako Hiroshi Nose na wenzake wa Chuo Kikuu cha Shinshu waliufundisha kwa watu wa makamo na wazee. Katika utafiti wao wa mwaka 2007 washiriki walikuwa 246, wenye wastani wa miaka 63. Hawakuhitaji ukumbi wala mashine. Walihitaji barabara.

Kutoka matembezi ya Mwalimu hadi bodaboda

Mkoa wa Mara hauna uhaba wa historia ya miguu. Oktoba 1967, Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, mwendo wa siku kadhaa, na watu wakamfuata. Kwa wengi wa wakati ule kutembea hakukuitwa mazoezi. Kulikuwa ndiyo namna ya kufika.

Na kisukari kilikuwa nadra vijijini. Mwaka 1989, Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapima watu 6,097 katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika asilimia moja. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012, uliohusisha watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Tafiti hizi mbili hazikupima watu wa namna moja, na si haki kuziweka bega kwa bega kama mapacha, lakini anayezitazama hawezi kukosea mwelekeo.

Chakula kimebadilika, na hilo limeandikwa sana. Kisichoandikwa vya kutosha ni namna bodaboda ilivyoondoa hatua elfu kadhaa katika siku ya mtu wa Musoma. Safari ya kutoka Mwigobero, ufukweni, hadi Bweri, ambayo zamani mtu aliifanya kwa miguu na kapu mkononi, leo ni ya dakika chache juu ya pikipiki. Simlaumu anayepanda, hasa mwenye mzigo au mwenye haraka. Ila mwili haukupewa chochote badala ya ile safari.

Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Ni wito mwema, na vikundi vya kukimbia vinavyoonekana asubuhi katika miji yetu vimepata nguvu kutokana na wito wa namna hiyo. Kwa Mara, hata hivyo, mtumishi wa afya akumbuke jambo dogo lenye uzito: Wasabato ni wengi katika mkoa huu, na Jumamosi kwao ni siku ya ibada. Ukimwambia mgonjwa Msabato "njoo Jumamosi", umemfungia mlango kabla hajafika. Mpe Jumapili, Jumanne na Alhamisi.

Kisha kuna swali ambalo kila aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza ya kliniki amelisikia kutoka kwa mkulima: "Daktari, mimi nalima tangu alfajiri. Mazoezi gani tena?" Swali hili linastahili jibu la heshima. Kulima ni kazi ya mwili, na kwa mwenye kisukari ni neema. Asiambiwe kwamba jembe lake halihesabiki. Lakini jembe lina msimu. Mvua zikikatika na mazao yakiingia ghalani, kuna wiki nyingi ambazo mkulima huyo huyo hushinda barazani. Na hata katika msimu, mwili uliozoea kulima kwa mwendo ule ule kwa miaka 30 umejifunza kuifanya kazi hiyo kwa nguvu kidogo iwezekanavyo. Ndio uhodari wa mkulima, ndio pia sababu sukari yake inaweza kuwa 12 asubuhi ya siku ya palizi. Kwa mtu wa namna hii, vipindi vichache vya kasi siku tatu kwa wiki, nje ya msimu na ndani yake, vinaongeza kitu ambacho jembe halikitoi tena.

Mama wa dagaa na mpango wake

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 52 anauza dagaa sokoni Musoma. Anakaa juu ya kigoda tangu asubuhi hadi jioni. Ana kisukari kwa miaka sita, anameza metfomini na glibenklamidi, shinikizo lake la damu ni 148 kwa 88, na magoti humuuma akipanda ngazi. Huyu hakimbizwi. Kwanza, barabarani watu watamuuliza nani anamfukuza, na swali hilo limewarudisha nyumbani wanawake wengi kuliko maumivu ya magoti. Pili, hahitaji kukimbia. Kwa mtu ambaye mwili wake umekaa muda mrefu, kutembea kwa haraka, hasa pakiwa na mwinuko, kunatosha kumfikisha kwenye kasi inayotakiwa.

Wiki mbili za kwanza atembee tu kwa mwendo wake, dakika 20, siku nne au tano kwa wiki, ili miguu izoee na viatu vijulikane kama vinachubua. Wiki ya tatu aanze vipindi. Atembee taratibu dakika tano za kupasha mwili moto. Kisha dakika moja kwa haraka, dakika mbili taratibu, mara nne. Kisha dakika tano za kushusha pumzi. Jumla haifiki nusu saa. Kila wiki aongeze mzunguko mmoja, na akifika mizunguko minane bila taabu, apunguze pumziko liwe dakika moja. Akipenda mtindo wa Matsumoto, dakika tatu kwa tatu mara tano, na atumie huo. Mwili hauna upendeleo kati ya mitindo hii, na bora ni ule atakaoudumisha. Siku ziwe tatu kwa wiki, zisizofuatana. Siku za katikati atembee kama kawaida.

Atajuaje kwamba kasi inatosha? Mapigo ya moyo yanaweza kuhesabiwa, lakini kuna kipimo rahisi zaidi, nacho ni ulimi. Katika kipindi cha haraka aweze kusema maneno mawili au matatu kabla ya kuvuta pumzi, asiweze kusimulia. Katika kipindi cha taratibu aweze kusimulia tena. Akiweza kuendelea na umbea wake wakati wa kasi, hajafika. Akishindwa kutamka hata jina lake, amezidisha. Anayependa hesabu na azihesabu hatua: kwenye tambarare, hatua 100 kwa dakika ni mwendo wa wastani, na karibu 130 ni mwendo mkali. Asiye na saa atumie nguzo za umeme, nafasi mbili za nguzo kwa kasi na nyingine mbili taratibu, au simu yake ndogo ambayo ina saa ndani.

Wakati ulio bora kwake ni baada ya chakula, saa moja hivi baada ya kuanza kula, pale sukari inapokuwa ikipanda. Akiwa na glibenklamidi tumboni na hajala, asithubutu. Nitalirudia jambo hili chini kwa sababu ndilo lenye hatari kuliko yote katika makala haya.

Mahali pia pana sauti yake. Musoma imejengwa juu ya rasi inayoingia ziwani, na jioni upepo wa ziwa hupoza barabara. Ziwa lenyewe lisigeuzwe bwawa la mazoezi, kwani kichocho kipo, na mwenye ganzi miguuni hajui amekanyaga nini majini. Butiama kuna miinuko na mawe. Mkulima apande mwinuko kwa haraka dakika moja, ashuke taratibu, na kule kushuka ndiko kupumzika kwake. Magoti huumia zaidi katika kushuka kuliko kupanda, kwa hiyo asiharakishe. Bunda kuna Mlima Balili na barabara za ndani za mitaa, na hapo neno langu ni moja tu: msitembee kwa kasi pembezoni mwa barabara kuu ya Mwanza na Sirari. Mabasi na malori hayana habari na kisukari cha mtu. Uwanja wa shule baada ya wanafunzi kutoka unatosha.

Asiyeweza kutoka kabisa, ama kwa sababu anauguza, ama njia si salama, akae kwenye kiti imara na kusimama bila kujishika, haraka haraka kwa nusu dakika au dakika moja, apumzike, arudie. Atashangaa namna kiti kinavyohemesha.

Nani asianze kabla ya kuchunguzwa

Hapa nawageukia zaidi watumishi wenzangu wa afya, ingawa mgonjwa anaruhusiwa, tena anatakiwa, kusikiliza.

Mazoezi ya kasi hupandisha shinikizo la damu na kuupa moyo kazi. Mtu mwenye maumivu ya kifua anapotembea, anayezimia, anayekosa pumzi usiku, au ambaye shinikizo lake limefika 180 kwa 110, asianze vipindi; atibiwe kwanza. Mwenye mishipa mipya iliyoota kwenye retina na inayotishia kuvuja damu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa jitihada ya ghafla, kwa hiyo macho yachunguzwe, na kama kituo hakina vifaa, apewe rufaa kabla ya kuongezewa kasi. Mwenye kidonda mguuni asitembee kwa mazoezi hadi kipone; afanye ya kukaa, ya mikono na mabega. Mapigo ya moyo yanayozidi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia yaweza kuwa dalili kwamba neva zinazouongoza moyo zimeguswa na kisukari, na huyo naye achunguzwe.

Miguu isemewe peke yake. Kagueni nyayo na katikati ya vidole kabla ya kuruhusu mazoezi, na mfundisheni mgonjwa kufanya hivyo kila siku, kwa kioo au kwa jicho la mjukuu. Kandambili hazifai. Katambuga zina sifa ya kudumu, lakini mikanda yake huchubua, na mguu wenye ganzi hauchubuliwi mara moja ukalalamika; huchubuliwa mpaka ukaoza. Viatu viwe vya kufunika, vyenye nafasi mbele ya vidole, vivaliwe na soksi, na vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, kwani jiwe dogo ndani ya kiatu limewahi kugharimu mguu mzima.

Sasa sukari kushuka. Anayemeza metfomini peke yake yuko salama kiasi. Dawa hiyo kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi. Anayemeza glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi, au anayechoma insulini, yuko katika hali nyingine kabisa, kwa sababu dawa inaendelea kuisukuma sukari ndani wakati msuli nao unaivuta. Glibenklamidi ndiyo yenye kuhofiwa zaidi kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu, na figo zikiwa dhaifu hukaa zaidi. Akiwa na kipima sukari, apime kabla: ikiwa chini ya 5, ale kitu cha wanga kwanza. Ikizidi 16.7 na anajisikia vibaya, ana kiu kali au anatapika, aache siku hiyo na aende kituoni. Asiye na kipimo, na hao ni wengi kwa kuwa vijiti vyake si bei ya kila siku, afuate kanuni ya sahani: asifanye vipindi bila kuwa amekula.

Mfukoni awe na sukari. Jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuona giza, kusema maneno yasiyopangika: asimame hapo hapo, alambe au anywe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, angoje dakika 15, na kama hajapata nafuu arudie. Kisha ale chakula. Wanaotumia dawa za presha kama propranololi au atenololi wajue kwamba dawa hizo huficha mtetemeko na mapigo ya moyo kwenda mbio; jasho halifichwi, kwa hiyo jasho lisilo na sababu lichukuliwe kuwa ni dalili. Dawa hizo hizo huzuia mapigo kupanda, na kwa wagonjwa hao kipimo cha ulimi kinafaa kuliko cha mapigo. Sukari yaweza pia kushuka saa kadhaa baadaye, hata usiku, na anayefanya mazoezi jioni asilale bila kula. Siku za mfungo, wa Ramadhani au wa maombi, vipindi vya kasi viwekwe kando mchana.

Kuna jambo la kinyume ambalo limewatisha wengi. Mara tu baada ya vipindi vikali, kipima sukari kinaweza kuonyesha namba kubwa kuliko ya mwanzo: mtu alikuwa na 10, sasa ana 12. Hajadhurika. Kasi imeamsha adrenalini, na adrenalini imeliamuru ini limwage akiba yake. Baada ya saa moja au mbili namba hiyo huteremka. Asiongeze kidonge kwa hofu ya namba ile, kwa maana kidonge na msuli vitakutana baadaye, na hapo ndipo sukari itakaposhuka kweli.

Mstari wa daftarini

Ikiwa hayo yamefahamika, basi maneno mawili ya daftarini yaweza kubadilishwa kwa muda usiozidi dakika tatu za kliniki. Kwa mama wetu wa dagaa yangesomeka hivi: "Jumanne, Alhamisi, Jumapili, saa 11 jioni, baada ya kula. Taratibu dakika 5. Haraka dakika 1, taratibu dakika 2, mara 4. Taratibu dakika 5. Ongeza mara moja kila wiki. Viatu vya kufunika. Sukari mfukoni. Acha ukipata maumivu ya kifua." Ni maneno mengi kidogo kuliko ya dawa, lakini ni ya namna ile ile, na muuguzi wa zahanati anaweza kuyaandika sawasawa na daktari wa hospitali ya rufaa.

Mgonjwa naye awe na ukurasa wake. Aweke alama siku aliyofanya, na aandike "sikufanya" siku asiyofanya, pamoja na sababu: mvua, msiba, mgeni, uchovu. Sababu hizo zina thamani kwa anayempangia upya. Anayeandika "msiba" mara nne katika mwezi anahitaji mpango wa kufanyia nyumbani, hahitaji kukemewa. Wawili au watatu wa mtaa mmoja wakienda pamoja, hasa wanawake, lile swali la nani anawafukuza hupoteza makali yake.

Baada ya miezi mitatu apimwe tena: HbA1c pale inapopatikana, au sukari ya asubuhi kabla ya kula kwa siku kadhaa, uzito na mzunguko wa kiuno, shinikizo la damu, na mapigo ya moyo akiwa ametulia, ambayo aghalabu hupungua mtu anapopata ukakamavu. Aulizwe pia anapanda mwinuko wa kwao kwa pumzi ngapi, maana uzito unaweza kukataa kushuka wakati moyo umekwisha kunufaika. Sukari ikiwa imeshuka, au akisimulia vipindi vya kutetemeka na jasho, dawa ya kwanza kutazamwa ni glibenklamidi. Kipimo chake kipunguzwe na anayemtibu, kiandikwe daftarini pamoja na tarehe, na mgonjwa aambiwe sababu, asije akadhani kwamba dawa imepungua kwa kuwa imeisha stoo.